Kupangua Nyumba ya Mohinder

Mama mkwe wangu, Nihal Kaur, alianza shule akiwa na miaka sabini na kitu, mwaka ule ule mto ulipoingia nyumbani kwake mpaka juu ya madirisha. Kabla ya hapo hakuona haja. Alikuwa ameishi Murrigal, mji wetu wa mashamba ya ndizi, tangu alipoletwa kutoka Punjab akiwa bibi harusi, na Kiingereza chake kilikuwa cha banda la kufungia ndizi: kata, beba, sanduku limejaa, chai tayari. Kilimtosha. Mengine yote mume wake, Mohinder, aliyasema kwa niaba yake, na Mohinder alipofariki kazi hiyo ikamwangukia mwanawe Tarlok, ambaye ni mume wangu.

Baada ya mafuriko watu wa ofisi walianza kupiga simu. Serikali ilikuwa inanunua viwanja vyote vya bondeni ili watu wasiishi tena huko, na kila simu ilipolia Tarlok alitoka nje kuongea, akarudi na maneno mawili matatu. Siku moja mama alimwambia, "Mtu kaongea tangu nimeweka dengu jikoni, na dengu zimeiva. Wewe unaniletea kijiko kimoja cha habari. Nyingine umezimwaga wapi?"

"Ni mambo ya ofisi, mama. Hayana maana."

"Basi nitakwenda kuyasikiliza mwenyewe hayo yasiyo na maana."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nampeleka maktaba kila Jumanne asubuhi, ghorofa ya juu, kwenye darasa la Bi Noelene. Wakati huo tulikuwa tunaishi kwenye karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, mimi, Tarlok, watoto na yeye, kwenye uwanja wa gurudwara, hekalu letu, na nadhani mama alilipenda darasa kwanza kwa sababu lilikuwa na dari refu. Alivaa shali yake nzuri. Alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma yake, ili akikwama nimnong'oneze, ingawa aliniambia mapema kwamba nikimnong'oneza kabla hajaniuliza atanirudisha kwenye gari.

Bi Noelene alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Kipindi hicho alikuwa anafundisha jambo moja la kuchosha katika Kiingereza: huchukuliwa kitenzi kidogo kama "take", ambacho ni kuchukua tu, kikafungwa mkia, na maana ikakimbia. Mkia huu, ndege inaruka au mtu anavua koti. Mkia ule, mtoto anafanana na baba yake. Siku hiyo aliandika ubaoni "take apart", akatoa tochi kwenye mkoba.

"Tazameni," akasema. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri, akatoa springi, akatoa kioo na taa, akavipanga mezani kwa mstari. "Nimeivunja?"

"Hapana," tukasema.

"Nimeipangua. Na nikitaka..." Akarudisha kila kitu mahali pake, akaiwasha na kummulika mwanafunzi mwenzetu, mzee Ottavio, machoni. "Kitu kilichopanguliwa kinaweza kupangwa tena. Nani ana mfano?"

Mama aliinua mkono kabla ya watu wote. Sikuwahi kumwona akiinua mkono popote.

"Mume wangu," akasema kwa Kiingereza chake. "Trekta. Anaweka shuka chini. Skrubu hii, hapa. Hii, hapa. Hii, hapa. Siku nzima. Jioni, trekta inanguruma."

"Sawasawa, Nihal! Aliipangua trekta yake."

"Ndiyo. Take apart." Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Take apart."

"Mwalimu," akasema Ottavio, Mtaliano mwenye shamba la maparachichi, ambaye alikuja darasani kwa sababu mkewe alimfukuza nyumbani kila Jumanne apate kupiga deki. "Na Jumapili je? Timu yetu ya raga. Mtangazaji alitumia neno hilo hilo. Murrigal wamepanguliwa, kasema. Mbona sijaona aliyewapanga tena?"

Darasa zima likacheka, na Bi Noelene naye. "Hiyo ni maana ya pili. Kumpiga mtu kipigo asibaki na kitu. Au kumsema mtu mpaka aishe."

"Ah, hiyo naijua. Mke wangu hunifanyia kila siku ya Mungu."

Mama hakucheka. "Neno moja?" akauliza. "La trekta na la kipigo?"

"Neno moja, Nihal."

"Nitajuaje?"

Bi Noelene alifikiri kidogo. "Utajua kwa yanayosemwa kabla yake na baada yake."

Mama akanigeukia na kuniambia kwa Kipunjabi, "Yaani nisubiri mpaka kipigo kiishe."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo kama nyumba zote za zamani za huku, bondeni karibu na mto. Mohinder aliijenga mwenyewe kabla Tarlok hajazaliwa, jioni baada ya kazi ya ndizi na siku za mapumziko. Hakuwa seremala. Milango yake ilikuwa na tabia ya kujifungua yenyewe, na mtu mrefu aliyeingia jikoni ilibidi ainamie kizingiti cha juu kama anayeomba radhi. Lakini ilikuwa na baraza pana upande wa mashariki, na kwa miaka yote niliyoishi humo kama mke wa mwana, kila asubuhi nilimkuta mama mkwe wangu pale na chai yake, miguu juu ya kigoda, akiwaambia ndege mambo yetu ya ndani.

Mto ulipopungua tulikuta tope limefika kwenye rafu za juu. Nyumba haikuanguka. Kwa mama hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa, kwamba haikuanguka. Ofisi walisema ardhi wataichukua wao, lakini nyumba, kama mwenyewe anaitaka, aiondoe kabla ya majira ya baridi kwisha. Binamu wa marehemu Mohinder, mwenye shamba la matunda huko mlimani, alimwambia mama achague pembe yoyote ya shamba lake. Akachagua siku hiyo hiyo, akasimama pale kwenye nyasi na kuonyesha kwa kidole: jiko, chumba, baraza.

Tarlok hakutaka. Alitaka nyumba ya matofali mjini, karibu na shule ya watoto.

"Mama, mbao zimekunywa matope. Tuziache."

"Baba yako alipigilia kila msumari kwa mkono wake."

"Ndiyo nasema! Baba alikuwa mkulima wa ndizi, hakuwa fundi."

"Na wewe umekulia ndani ya nyumba ya asiye fundi. Imekuangukia lini?"

Tarlok ni mtu mwema. Hasira yake huwa fupi, na baada yake huja kufanya lile lile alilolikataa. Wiki iliyofuata akamleta Kel.

Kel kazi yake ilikuwa kuhamisha nyumba. Huku kwetu nyumba ya mbao huinuliwa nzima ikawekwa juu ya lori, ikapita barabarani na mapazia yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu mekundu na kaptura fupi kuliko umri wake. Alitambaa chini ya nyumba, akapanda darini, akagonga kuta, akamuuliza Tarlok imejengwa kwa vitu gani. Mbao tupu, Tarlok akajibu, kama tulivyojua sote. Kel akarudi barazani anajifuta tope.

"Lori haliwezi," akasema. "Daraja lenu limelegea tangu mafuriko, halitabeba uzito huo. Kama mnaitaka kweli, njia ni moja. Tuipangue."

Alitumia lile neno. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasimama.

"Take apart," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baadaye, kupanga tena?"

"Tukiipangua vizuri, mama, ubao kwa ubao, kule mlimani tunaipanga tena. Haina haraka. Ni kama kuvua nguo za mtoto aliyelala."

Mama akanitazama. Yaliyosemwa kabla na yaliyosemwa baada yalikuwa mazuri, kwa hiyo alijua ni neno la trekta. Akamwandalia Kel chai yenye maziwa na hiliki, na parata la kabichi, na Kel akala mpaka ikabidi alegeze mkanda.

Tangu siku hiyo mama hakukaa tena. Alinunua chaki, akaanza kuweka alama kwenye kila ubao wa nyumba, kwa herufi zetu za Kipunjabi: ukuta gani, wa ngapi kutoka chini. Alinituma nipande ngazi pale asipofika. Watoto walipotoka shule walikuja kusoma herufi kwa sauti, wao ambao darasa la Kipunjabi la gurudwara lilikuwa limewashinda. Darasani kwa Bi Noelene aliacha kuuliza maneno ya ofisi, akawa anauliza ya ujenzi: bawaba, mwimo, kenchi. Ottavio alimwambia, "Nihal, ukimaliza ya kwako njoo upangue na ya kwangu, ila mke wangu uniachie nje," na mama akamjibu kwa Kiingereza kizima bila kukwama, "Mke wako nitachukua. Wewe nitaacha nje." Bi Noelene alipiga makofi. Nakumbuka nilifikiri, huyu mama atatuzika sote.

Tulianza Jumamosi moja, asubuhi yenye baridi na jua. Wanaume wa gurudwara walikuja na mitaimbo na nyundo, wanawake tukaweka masufuria ya dengu chini ya mti wa jirani, na Kel akasimama katikati akielekeza kama msimamizi wa harusi. Baraza lilitoka kwanza. Mbao zilitoka nzima, msumari mmoja mmoja, na kila iliyotoka mama aliisoma alama yake kwa sauti na kuonyesha ilazwe wapi. Mpaka saa ya kula baraza lote lilikuwa limelala kwenye nyasi kwa mpangilio wake. Mama alipita pembeni yake mara kadhaa, mikono nyuma. Tarlok alimletea sahani.

"Hukukosea, mama," akamwambia. "Nilidhani ni wazimu. Naona inawezekana."

"Kula kwanza ndiyo unisifu," akasema, lakini alimshika shavu.

Mchana waliingia jikoni. Tarlok ndiye aliyekuwa na mtaimbo. Akaung'oa ubao wa kwanza wa ukuta, akaung'oa wa pili, na nyuma yake hapakuwa na uwazi kama kuta nyingine. Palikuwa na bapa la kijivu, limelowa na kupasuka vipande vipande, na kipande kikubwa kilianguka na kusambaratika miguuni pake. Vumbi likapanda. Akapeperusha kwa kiganja, akaingiza mtaimbo tena.

"Acha!" Kel alipiga kelele ambayo sikudhani mtu mpole namna ile anayo. "Acha hapo hapo! Usiguse! Tokeni wote nje! Nje!"

Tulitoka. Hatukujua tunakimbia nini. Kel aliingia peke yake amejifunga kitambaa puani, akatoka upesi, akaenda moja kwa moja kwa Tarlok. "Asbesto," akasema. "Jiko zima, na nadhani bafu pia. Mbao zimepigiliwa juu yake. Nani alijenga hivi?"

"Baba yangu."

"Aliyakata mwenyewe?"

Tarlok alikuwa na weupe wa vumbi kwenye ndevu. Alikwenda kukaa kwenye bodi ya lori la binamu wa baba yake, akabaki amekaa.

Mama alinivuta mkono. "Asbesto ndiyo nini?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba ni mabapa yaliyotumika zamani katika nyumba nyingi, kwamba yakikaa kimya hayamdhuru mtu, lakini yakikatwa au yakivunjika vumbi lake linaingia kifuani na halitoki, na baada ya miaka mingi, mtu akishasahau, linamuua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yale ya kijivu. Aliyaleta mwaka ule kabla Tarlok hajazaliwa. Aliyakata kwa msumeno chini ya nyumba, jioni, kwa siku nyingi. Alikuwa anatoka mweupe mpaka kope, kama mwenye kinu cha unga. Mimi nilikuwa nacheka. Nilimkung'uta kwa ufagio, Simrit. Nilifua kilemba chake kwa mikono yangu. Baadaye akaona jiko la kijivu halipendezi, akanifunikia kwa mbao nipate jiko zuri."

Mohinder alikufa kwa kansa ya utando wa mapafu. Nilikuwa nimeolewa tayari, niliona alivyokwisha. Daktari alisema ugonjwa huo hauletwi na sigara, na aliuliza kama amewahi kufanya kazi na asbesto. Aliuliza kwa Kiingereza. Baba mkwe alikuwa amelala pale, amechoka kuongea, na Tarlok ndiye aliyekuwa anamsemea. Tarlok alijibu bila hata kugeuka, "Hapana, daktari. Ndizi tu, maisha yake yote." Hakuna aliyelifikiria tena jibu hilo mpaka ile Jumamosi.

Jumatatu alikuja mwanamke wa ukaguzi, amevaa ovaroli nyeupe na barakoa, akachukua vipande akaenda navyo. Majibu yalipokuja yalikuwa mabaya kuliko tulivyotegemea. Mafuriko yalikuwa yamevunja bapa nyuma ya mbao na kulisambaza vumbi lake ndani ya tope la nyumba nzima. Lilikuwa limeingia kwenye nyufa za kila ubao. Hata mbao za baraza, zile zilizolala kwenye nyasi na alama zao za chaki, hazikuruhusiwa kwenda popote ila shimoni, zimefungwa kwenye plastiki.

Mama alimfuata yule mwanamke mpaka kwenye gari lake. "Mbao si ukuta," alimwambia kwa Kiingereza. "Mbao nitaosha. Moja moja. Mimi naosha."

"Haiwezekani, mama. Pole sana. Kuziosha ndiko kungekuua."

Kel alikuja mwenyewe kumwambia lililobaki, hakutuma mtu. Alivua kofia. "Siwezi kuipangua tena, Bi Nihal. Sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingewaingiza watu wangu."

"Basi, nini?"

Akasema neno jingine, la kupiga lenye mkia.

"Huo ni mkia gani?" mama akaniuliza.

"Wa chini, mama. Wataiangusha."

Waliiangusha siku ya Alhamisi. Tulisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya utepe wa njano, mimi na mama na Tarlok, na majirani wachache ambao nyumba zao zilikuwa bado zinangoja. Watu wa ovaroli nyeupe walimwagia nyumba maji kwa mipira ili vumbi lisipande, na katapila likaweka meno yake juu ya paa la jiko. Nilidhani itakuwa na kelele nyingi. Mbao zilizolowa hazipigi kelele. Zinajikunja na kushuka. Mlango mmoja ulijifungua wenyewe, kama kawaida yake, kabla chumba hakijaenda. Mama alikuwa amenishika kiwiko, na vidole vyake vilikaza kila meno yale yalipoteremka.

Ilipokwisha, dereva wa katapila alikuja upande wetu wa barabara kunywa maji. Hakujua sisi ni nani. Alikuwa anaongea na simu, mchangamfu, mtu aliyemaliza kazi mapema. "Tumeshaipangua yote," alisema. "Hata chakula cha mchana bado."

Mama aligeuka polepole. "Simrit. Amesema lile neno."

"Ndiyo, mama."

"La trekta au la raga?"

Tarlok alikuwa amesikia naye, akaondoka kwenda kwenye gari.

Tulipata fleti mjini, nyuma ya hospitali, vyumba viwili vinavyotazama maegesho. Mama hakwenda tena darasani. Bi Noelene alikuja siku moja na keki ya boga na salamu za Ottavio, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akajaribu kumchekesha. Mama alimshukuru kwa adabu na kumjibu kwa Kipunjabi, na mimi nikatafsiri. Mwalimu aliposhuka ngazi alikuwa analia, na mimi sikumfuata.

Kati ya mama na Tarlok hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali wangegombana. Walipishana kwenye korido ile nyembamba wakiombana njia. Tarlok aliacha kula mezani, kisha akaanza kuchelewa kurudi, na aliporudi alinuka bia, kitu ambacho hakuwa nacho zamani. Jumapili moja watoto wakiwa nje alikwenda kukaa sakafuni mbele ya kiti cha mama yake.

"Sikujua, mama. Naapa sikujua kulikuwa na vitu vile."

"Najua hukujua."

"Daktari aliuliza, nikajibu nilichokijua."

"Najua, mwanangu."

"Na hata ningejua, asingepona. Ilikuwa imeshamwenea."

"Asingepona," mama akakubali. Nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, "Lakini ungemuuliza baba yako. Alikuwa amelala pale pale. Masikio yake yalikuwa mazima. Angesema mwenyewe, 'Ndiyo, niliyakata, ni ya nyumba yangu.' Tungejua. Tungetoka humo. Wewe ulijibu, kama unavyojibu kila mara, na mimi nikarudi kupika katika lile jiko."

Tarlok aliinamisha kichwa. Nilikuwa mlangoni na bakuli la unga mikononi. Nilitaka mama aseme neno moja zaidi, lolote, la kumwinua. Hakusema. Sidhani alitaka kumwumiza. Mwezi huo huo Tarlok akachukua kazi ya kuendesha malori ya mgodini huko Magharibi, upande wa pili wa bara, kazi ya kulala kambini. Alisema ni kwa ajili ya nyumba ya matofali. Watoto walimsindikiza na kurudi wamenuna. Nyumba ya matofali hatukuitaja tena.

Kikohozi cha mama kilikuwepo kabla ya hapo, lakini ni kikohozi cha mzee, tulikuwa tunasema, ni unyevu wa karavani. Majira ya joto yalipokuja hakikuondoka, na alianza kusimama katikati ya ngazi akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilimpeleka akapigwa picha ya kifua. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, mwenye umri wa Tarlok. Alitazama picha kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi na kuuliza kama mama amewahi kukaa karibu na asbesto.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwekea mkono kwenye goti.

"Niulize mimi," akamwambia daktari kwa Kiingereza.

Daktari akamwuliza yeye.

"Ndiyo," mama akasema. "Mume wangu anakata. Mimi nafua nguo. Mimi nafagia. Mimi napika humo. Nyumba yetu, sisi tulijenga." Alipumzika kuvuta pumzi. "Ndiyo. Miaka mingi."

Daktari aliandika. Baadaye alieleza kuhusu maji yaliyojaa kwenye utando wa mapafu, na sindano ya kuyatoa, na kwamba yatarudi, na kwamba kuna dawa za kupunguza maumivu. Mama aliuliza swali moja tu, kama ugonjwa huo unaweza kumpata mtoto aliyetambaa kwenye sakafu ile. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua, na kwamba ingefaa mwanawe naye apimwe. Nilimwandikia Tarlok usiku huo. Hajapimwa. Kila nikimuuliza ananiambia kambi iko mbali na mji.

Sasa mama hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Nimemsogezea kitanda dirishani, ingawa hakuna cha kutazama ila magari yanayotafuta nafasi. Hula kidogo, maziwa na mkate uliolowekwa. Mwanangu mkubwa humsomea vitu vya shule, na yeye husikiliza amefumba macho, hatujui anachokisikia. Kiingereza chake kimeondoka. Muuguzi anayekuja asubuhi anauliza na mimi ndiye ninayejibu.

Tarlok hupiga simu kila Jumapili baada ya sala. Naiweka karibu na sikio la mama na kusema, "Ni Tarlok." Huwa anaangalia ile simu, huwa anaangalia maegesho. Sauti ya mume wangu inasikika ndogo, "Mama? Mama, unanisikia?" Jumapili iliyopita niliisubiri ilie, ikalia, na mama akanyanyua kidole kidogo kutoka kwenye blanketi, kuniambia niiache. Ililia mpaka ikachoka. Nikaenda kumpashia maziwa.